Oranise Valcin, Aliyetuombea Barua Sisi Sote

Kwanza nikuseme wewe unayesoma, ndipo nimgeukie mwenye siku yake. Uko wapi? Ulituambia unafuata msimu wa kuchuma nyanya mpaka Virginia, Novemba utarudi. Novemba ngapi zimepita? Wengine mko Indiana mnakata kuku kiwandani, sawa, huko ni mbali. Wengine mko Naples tu hapo, mwendo wa dakika arobaini, na mwaka mzima hatujaona uso wala kisogo. Mnanipigia simu: "Bibi Zulmé, tunakukumbuka sana." Kumbukumbu haiketi kwenye benchi, mwanangu. Basi jarida la kanisa limekufuata huko huko uliko. Kaa chini ulisome lote, usikimbilie picha.

Dada Oranise Valcin, katibu wa Kanisa la Baptisti la Siloamu, kanisa letu Wahaiti wa Immokalee, mji wa mashamba ya nyanya hapa Amerika, amestaafu Jumapili tarehe 5 Januari 2020, baada ya miaka thelathini na minane na mwezi mmoja kazini. Alianza siku kanisa lilipoanza, tarehe 6 Desemba 1981, na kazi hiyo hajawahi kuishika mtu mwingine. Ana miaka sabini na mmoja. Kamati ya jarida ilitaka wasifu wake uandikwe na mtu aliyekuwepo tangu mwanzo. Mwanzo tulikuwa kumi na mmoja. Wanane wako makaburini, mmoja yuko Montreal na hatambui mtu tena, tumebaki yeye na mimi. Yeye hawezi kujisifu mwenyewe, kwa hiyo kazi imeniangukia.

Kanisa lilianzia uani kwa Mchungaji Destinord Philogène, nyuma ya nyumba ya mabati aliyopanga na wachumaji wenzake watano. Viti havikuwepo. Tuliketi juu ya ndoo za nyanya tulizozifudikiza, na Jumatatu ndoo zile zile tulikuwa nazo shambani. Mchungaji mwenyewe alikuwa mchumaji. Mikono yake ilikuwa ya kijani mpaka kwenye viwiko, na akiinua Biblia ungedhani ameichuma sasa hivi.

Siku ile ya kwanza alitutazama, akauliza swali moja: "Nani ana barua?"

Ndivyo tulivyolelewa. Mbaptisti wa kwetu akihama, kanisa lake humpa barua: huyu ni wetu, mwenendo wake ni mwema, mpokeeni. Bila barua utaketi, utaimba, utafagia, hata utapika, lakini Jumapili ya kwanza ya mwezi, Meza ya Bwana ikiandaliwa, sahani ya mkate itapita mbele yako kana kwamba kiti kile hakina mtu. Hatukuvuka bahari ili tuje kulegeza hilo.

Lakini fikiria watu waliokuja kwa mashua. Mmoja alikuwa ameishonea barua yake kwenye pindo la sketi, ikafika imekuwa uji. Wengine walikuwa nayo kichwani tu. Kati ya kumi na mmoja, wenye barua inayosomeka tulikuwa wawili. Mchungaji akasema kila mtu kanisa lake litaandikiwa. Nani ana mwandiko mzuri? Oranise akainua mkono. Alikuwa amefika darasa la sita, na kwao Fond-Ramier, kanisa la mlimani juu ya Saint-Louis-du-Nord, alikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili. Ukatibu wake ulianza pale pale, juu ya ndoo, karatasi ikiwa gotini.

Alichuma mchana, akaandika jioni. Barua ilikaa miezi miwili kwenda na mitatu kurudi, na nyingine zilirudi ndani ya soksi ya msafiri. Jibu likifika lilisomwa Jumapili mbele ya wote, na mwenye barua alisimama. Oranise alisoma polepole: jina la kijiji, jina la mchungaji, mwaka wa ubatizo, mto aliobatiziwa. Nimeona wanaume waliovuka bahari bila chozi wakilia kwa kusikia jina la mto.

Si barua zote zilizokuwa za kulilia. Palikuwa na kaka mmoja, jina nalimeza kwa sababu wajukuu wake wanaimba kwaya, aliyekuwa ameshamvalisha pete msichana wetu. Tarehe ya harusi imepangwa, nguo imekatwa. Jibu la kanisa lake likaja: "Ndugu huyo tunamjua vizuri. Mkewe pia tunamjua, na watoto wao watano, na wote wanauliza lini watasikia kutoka kwake." Oranise akaikunja barua, akamwita yule kaka nyuma ya basi la shambani.

"Kaka, barua yako imefika. Mkeo anakusalimu."

Yule kaka aliketi chini kwenye vumbi. "Dada, umeshaisoma mbele ya watu?"

"Nimeisoma moyoni. Atakayeisoma kwa sauti ni wewe, kwa yule msichana, leo, kabla wali haujaiva."

Akamsomea, na wali siku hiyo haukuliwa. Miaka sita baadaye yule mke alishuka kwenye ndege Miami na watoto wote watano. Aliyekuwa amesimama pale uwanjani, ameshika karatasi yenye majina yao, ni Oranise.

Mwaka 1984 uani pakawa hapatoshi, tukapewa nafasi na kanisa la Waamerika. Wao walimaliza saa sita, sisi tuliingia saa nane, na tulitakiwa kutoka saa kumi na moja. Jumapili ya kwanza saa kumi na moja wakaja kutukumbusha. Mchungaji Philogène akawakaribisha waketi kidogo. Wakaketi. Wakatoka saa moja, wakiwa na wali na nyama ya kukaanga kwenye sahani, na hawakuja kutukumbusha tena.

Mwaka 1993 tukanunua lililokuwa duka la matairi, ndilo jengo letu hili. Mvua ikinyesha bado linatoa harufu ya mpira. Kutoka kumi na mmoja tulifika sitini, tukafika mia mbili, na leo kitabu kina majina mia tano na arobaini, bila kuhesabu makanisa mawili tuliyoyazaa, la LaBelle na la Fort Myers. Wachungaji walihubiri, nami siwapunguzii. Lakini aliyeandika katiba ya kanisa ni Oranise. Aliyejaza fomu za serikali ni Oranise. Mtu akiitwa na hakimu wa uhamiaji, aliyeandika "huyu tunamjua" ni Oranise. Na kila Alhamisi kwa miaka kumi na tisa aliwakusanya wanawake ambao shule waliiona kwa nje tu, akawafundisha herufi kwa chaki ubavuni mwa friji ya zamani, kwa kuwa ubao hatukuwa nao. Herufi unazosoma sasa, mimi nilizipata kwenye friji ile.

Kama alivyoomba barua, ndivyo alivyotoa. Na hapo palikuwa na shughuli. Mshirika akitaka kuhama, kwa Oranise hakuna barua ya kupewa mlangoni wala ya kutumwa. Sharti asimame mbele ya kanisa Jumapili, aseme, "Ninaomba ruhusa ya kuondoka," na sisi sote tumjibu kwa pamoja, "Nenda na Mungu." Ndipo anapewa. Watu walihamia Georgia kwa haraka, kazi imetokea leo, kesho wameshaanza, halafu wanapiga simu:

"Dada Oranise, nitumie barua yangu."

"Njoo uage kwanza."

"Dada, ni mwendo wa saa nane kwa gari!"

"Basi ukitoka Jumamosi alfajiri, mchana umefika. Chakula kitakuwepo."

Walisema ni mgumu. Mimi pia nilisema, na nilimwambia usoni, tena si mara moja: "Oranise, unawasumbua watoto wa watu kwa maneno mawili." Yeye akanijibu, "Maneno mawili hayamshindi mtu." Akaendelea kupiga muhuri.

Ila mgumu huyo huyo, mwaka 2010 nchi ilipotetemeka kwetu, alitushangaza. Watu walikuja na nguo walizovaa. Kwenye kikao mashemasi wakaanza: tutawapokeaje, hawana barua. Oranise akaweka kalamu chini. Kumwona akiweka kalamu chini ilikuwa kama kumwona mtu mwingine akivua viatu ili apigane. Akasema, "Mnataka nimwandikie nani? Kifusi? Kanisa limelala chini na mchungaji wake ndani. Mtu ni huyu hapa, ana mdomo, atashuhudia mwenyewe imani yake." Jumapili moja tuliwapokea watu arobaini na watatu kwa ushuhuda wao, na Jumapili iliyofuata walikula nasi Mezani.

Na mwaka 2017, kimbunga kilipotuondolea nusu ya paa, tulikuwa tumekimbilia shule ya serikali. Oranise alifika na mifuko minne myeusi ya taka, imefungwa kwa kamba. Hana blanketi, hana mto, hana hata mkate. Mlinzi wa mlangoni akamuuliza amebeba nini. Akajibu, "Watu mia tano." Alizilalia barua zile siku mbili. Hakuna hata moja iliyolowa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hamkulijua. Mimi pia sikulijua, na nilikuwa naye tangu kwenye ndoo.

Mwezi Oktoba uliopita alitangaza kwamba anastaafu, na ofisi ataipokea Naïka Joazile, yule muuguzi mwenye sauti ya upole. Kwa desturi yetu makabidhiano hufanywa mbele ya shahidi, nikaitwa mimi kwa kuwa naongoza akina mama. Siku ile Oranise alikuwa hospitali kwa ajili ya vidole vyake vinavyomuuma, akatuachia ufunguo wa kabati la chuma. Tukaanza kulinganisha kitabu na barua, jina kwa jina, A mpaka mwisho. Kila jina na barua yake au ushuhuda wake ulioandikwa, kila karatasi na muhuri wake. Tukafika V. Naïka akasoma kwenye kitabu: "Valcin, Oranise. Mshirika mwanzilishi." Pembeni, kwa mkono wa marehemu Mchungaji Philogène: "Barua inasubiriwa."

Tukatafuta kabatini. Ilikuwepo bahasha moja, nyembamba, ya Machi 1982. Naïka akaisoma mara ya kwanza kimya, kisha akanisomea:

"Dada Oranise Valcin tunamjua. Aliondoka pamoja na mdogo wake bila kuliaga kanisa. Barua hupewa aliyeaga. Na aje aage, naye atapewa."

Hiyo tu. Chini sahihi ya mchungaji wa Fond-Ramier wa wakati ule.

Naïka akaniuliza, "Bibi, kwa hiyo Dada Oranise hajawahi kula Mezani?" Nilitaka kumwambia aache upuuzi. Nikaanza kukumbuka. Jumapili za kwanza, mkate ukipita, Oranise yuko wapi? Yuko mlangoni anaandika waliohudhuria. Yuko chumba cha watoto wachanga, amejitolea ili mama zao wapate kuketi. Yuko ofisini, simu imelia. Miaka thelathini na minane, na sikuweza kukumbuka hata mara moja nikiwa nimemwona na mkate mkononi. Nani angemuuliza? Mwenye kutuuliza barua alikuwa yeye.

Yule mdogo wake sisi wa kwanza tulimjua kwa jina. Anel, miaka kumi na saba. Oktoba 1980 walipanda mashua wawili, akashuka mmoja. Mwenye mashua alikuwa amewaonya kwamba anayetoa siri anaachwa, ndiyo maana hawakumuaga mtu, si kanisa, si mama yao. Oranise hakuwahi kulizungumza, nasi tukakiheshimu kimya kile. Kumbe ndani yake palikuwa na kimya kingine.

Nilimfuata nyumbani kwake siku ile ile. Alikuwa ameketi na mkono kwenye beseni la maji ya moto. Sikupiga hodi.

"Miaka yote hii unawakaribisha watu mezani, na wewe una njaa?"

Alijua mara moja. Akasema, "Mmefika V."

"Tumefika V. Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Barua imejibiwa. Wameniambia niende nikaage. Sikwenda."

"Karatasi za kusafiri ulipata mwaka 1987, Oranise. Mwenyewe nilikupeleka kuzichukua."

Akautoa mkono majini, akaufuta. Kisha akasema, "Zulmé, nikiingia kanisani pale, kila mtu atatazama nyuma yangu aone kama Anel anaingia."

Nikamwaga maji ya beseni, nikamtilia mengine ya moto.

Mchungaji wetu wa sasa, Kesner, alipoambiwa alitaka kulimaliza kabla ya chakula cha jioni. Atokee mbele, ashuhudie, tupige kura, basi, kama wale wa tetemeko. Oranise akakataa. "Wale makanisa yao yalikufa. Langu liko hai. Halikupotea, lilinikatalia, na sababu walikuwa nayo. Nimewarudisha watu kutoka Georgia kwa maneno mawili. Leo mimi niruke ukuta niliowazungushia wenzangu? Mkipiga kura, nitaandika kwenye muhtasari kwamba kura ni batili." Na angeandika, tunamjua. Akasema atastaafu kama alivyofanya kazi, atakaa mlangoni, na Mungu anajua.

Nikamwambia, "Mungu anajua, lakini Mungu hana mdomo pale Fond-Ramier. Wewe unao." Kwenda hakungewezekana, barabara za kwetu Haiti zilikuwa zimefungwa na waandamanaji na vidole vile haviwezi hata kushika begi. Lakini simu ipo. Kwenye kwaya yetu kuna mtu wa Saint-Louis-du-Nord, tukapata namba ya mchungaji wa sasa wa kanisa lile, kijana mmoja msikivu. Akatuambia mtandao unapatikana kanisani peke yake, karibu na mimbari. Nikasema, mimbari ndiyo tunayoitaka.

Siku tatu Oranise alikataa. Siku ya nne alinipigia akauliza, "Wanaanza ibada saa ngapi?"

Jumapili tarehe 15 Desemba tulikuwa wanne ofisini: yeye, Mchungaji Kesner, Naïka na mimi. Kule simu iliwekwa mbele ya kipaza sauti cha kanisa. Oranise alivaa kofia yake nyeupe, akasimama wima mbele ya simu iliyolala mezani, kama anayesimama mbele ya watu. Nami nakuandikia alivyosema, sikuongeza kitu.

"Bwana asifiwe. Mimi ni Oranise, binti wa Mamoune Valcin. Nilikuwa nafundisha watoto shule ya Jumapili. Niliondoka Oktoba mwaka 1980 bila kuwaaga. Niliondoka na Anel. Anel hakufika. Nimechelewa. Ninaomba ruhusa ya kuondoka."

Kule tulisikia jogoo, tukasikia benchi likilia mtu akiinuka. Halafu sauti ya bibi kizee, karibu kabisa na kipaza sauti, kavu kama ganda la mahindi:

"Oranise? Ni mimi Cléanthe. Jumapili ile ulituacha na watoto thelathini darasani. Nilifundisha mimi, na mimi sijui kusoma! Niliwaimbisha wimbo mmoja saa nzima."

Oranise akasema, "Nisamehe, Cléanthe."

"Nilishakusamehe, koo ndilo halijakusamehe. Sikiliza. Anel tulimlilia hapa hapa, siku habari ilipofika. Mama yako alimlilia, halafu akakulilia na wewe, hakujua kama u hai. Alikuwa anaketi benchi la mbele, anaacha nafasi mbili. Alipokufa tulisogea, tukazifunga nafasi zile. Mwanangu, hapa hakuna anayetazama nyuma yako. Tulikuwa tunatazama mlango tukuone wewe."

Hapo Mchungaji akamsogezea Oranise kiti. Hakuketi. Alikuwa anangoja, kwa sababu jibu bado halijatolewa, na yeye jibu analijua lilivyo.

Yule mchungaji kijana akauliza kanisa lake, "Ndugu, dada yetu anaomba ruhusa. Mnasemaje?" Na wakajibu wote kwa pamoja, wazee, watoto, watu ambao hawakuwa wamezaliwa alipoondoka: "Nenda na Mungu!" Simu ikakwaruza kwa sauti ile mpaka Naïka akaishika isianguke.

Barua ilifika mchana ule ule, imepigwa picha kwa simu: imeandikwa kwa mkono, ina muhuri, ina jina la mto. Oranise aliichapisha, akaitoboa, akaiweka kabatini kwa mkono wake mwenyewe. Ile ya mwaka 1982 hakuitupa. Alisema zote mbili ni za kweli.

Jumapili iliyofuata Naïka alisoma barua mbele ya kanisa, ikiwa kazi yake ya kwanza, na katibu wetu wa miaka thelathini na minane alisimama kama mgeni aliyeshuka jana. Wengi wenu mlioko mbali mmesikia habari nusunusu, ndiyo maana nimeiandika yote. Yeye mwenyewe ameisoma kabla haijachapwa, akanisahihishia tarehe mbili, akaniruhusu. Alisema wale aliowarudisha kutoka Georgia wana haki ya kujua.

Tarehe 5 Januari, Jumapili ya kwanza ya mwaka, aliketi benchi la tatu upande wa dirisha, amevaa nguo nyeupe. Sahani ikafika. Alichukua mkate, akakaa nao mkononi, na shemasi amesimama, na benchi zima linangoja. Nikamnong'oneza, "Oranise, kula, kaka wa watu amechoka kusimama." Akala. Kikombe kilipokuja, vidole vilivyochuma nyanya na kuandika barua za watu mia tano vilishindwa kukishika, nikamshikia. Hakulia. Aliyelia ni shemasi, tena kwa sauti, akatutia aibu.

Oranise, dada yetu, kanisa linakushukuru. Tunakushukuru kwa kila mto uliotusomea, kwa kila barua uliyoiomba kwa mkono uliochoka, na hata kwa ule ugumu wako, ambao sasa tunaujua ulikotoka. Tunakutakia vidole visivyouma, asubuhi zisizo na haraka, simu ya Fond-Ramier isiyokatika, na Jumapili za kwanza nyingi mfululizo. Uishi vyema, uishi nasi.

Na wewe uliye mbali: ukija, njoo Jumapili ya kwanza, uwe umeketi kabla ya saa nne. Usimtafute mlangoni wala ofisini, hayupo huko tena. Benchi la tatu, upande wa dirisha. Keti kushoto kwake, maana mkono huo ndio umechoka zaidi, na mimi sitakuwepo siku zote. Kikombe kikifika, wewe kishike chini, yeye akishike juu. Usimpe pole, usimwambie kitu. Ngoja anywe, ndipo unywe na wewe.

Bibi Zulmé Estiverne,
kwa niaba ya akina mama wa Siloamu